Vimelea havikuizoea dawa

Morogoro,
14 Machi

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Natumaini wewe na wote wa nyumbani hamjambo. Sisi huku tu wazima. Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili, kwa sababu swali uliloniuliza limenisumbua mimi pia kwa miaka mingi: kwa nini mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukariri maana ya uteuzi asilia, yaani viumbe wenye tofauti inayowafaa mahali walipo kuzaa kuliko wengine, bila kukosea hata neno, kisha akiulizwa habari za usugu wa dawa anajibu kwamba vimelea "vimeizoea dawa"?

Naona kosa linaanzia kwenye kitenzi chenyewe. Anayezoea ni mmoja mmoja: mgeni huzoea baridi ya Lushoto, mgonjwa huzoea uchungu wa kidonge. Kimelea cha malaria kilichokutana na klorokwini, ile dawa yetu ya zamani ya malaria, ama kilikufa, ama tayari kilikuwa na tofauti iliyokiokoa, na tofauti hiyo ilitokana na kosa la kunakili jeni, kosa linalotokea dawa iwepo au isiwepo. Kinachobadilika ni jamii ya vimelea, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa waliobaki ndio waliozaa.

Mimi hufundishia klorokwini hiyo hiyo, maana wazazi wa wanafunzi wetu bado wanaikumbuka. Wewe nawe hujaisahau: kidonge kilichopondwa kwenye kijiko na kutiwa sukari isiyoweza kuuficha uchungu wake, na usiku ule mwili mzima ukiwasha hata mtu akajikuna kwa gunzi la muhindi. Kimelea cha malaria kinapokula himoglobini ndani ya chembe nyekundu ya damu, hubakiwa na masalia yenye chuma ambayo ni sumu kwake, nacho huyageuza kuwa fuwele zisizodhuru. Klorokwini huzuia kazi hiyo, kimelea kikafa kwa sumu ya mlo wake chenyewe. Vichache vilivyokuwa na protini iliyobadilika kidogo kwenye utando wa kifuko cha kumeng'enyea chakula viliweza kuitoa dawa nje; vingine vikafa, hivyo vikabaki, mbu akavinyonya na kuvipeleka kwa mtu mwingine. Hayo yakirudiwa kwa mamilioni ya wagonjwa, utaona kwa nini mwaka 2001 Tanzania ililazimika kuiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria.

Mfano wa Malawi ndio unaonigusa zaidi, na ningependa uutumie darasani. Wenzetu waliiacha klorokwini mapema, mwaka 1993. Mwaka 1992 kiasi cha asilimia 85 ya vimelea vilivyopimwa huko vilikuwa na jeni ya usugu. Kufikia mwaka 2000 vilikuwa asilimia 13, na dawa ilipojaribiwa tena Blantyre mwaka 2005 iliwaponya karibu watoto wote waliopewa. Mwanafunzi anayeamini habari ya "kuzoea" atasema vimelea vimesahau. Havikusahau kitu. Ile protini iliyobadilika ilikuwa na gharama yake, na dawa ilipoondoka, vimelea vya kawaida vilivyokuwa vimesalia vilizaana kuliko vile sugu, vikaijaza nchi upya.

Neno la pili linalotuponza ni "nguvu". Wanafunzi wamekua na methali ya mwenye nguvu mpishe, basi wanadhani uteuzi asilia huchagua wenye misuli. Hapo huwapeleka kwenye selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, lakini kwa uangalifu, kwa sababu karibu kila darasa lina mtoto mwenye ndugu anayeugua. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, aliona kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, ilhali nyanda za juu ilikuwa adimu, na mwaka 1954 akaonyesha sababu yake: aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na aliyeirithi kwa wote wawili huugua. Jeni hiyo hiyo, katika kijiji chenye mbu inaokoa watoto wengi na kuwatesa wachache. Penye baridi pasipo na malaria haina faida yoyote. Ubora wa kiumbe hupimwa kwa watoto anaowaacha mahali alipo, na mahali pakibadilika kipimo nacho hubadilika.

Kabla hujafundisha somo hili tena, waulize swali moja tu, wajibu kwa maandishi bila kufungua daftari: kwa nini klorokwini ilifanya kazi tena Blantyre? Nitumie majibu yao, hasa yale yaliyokosewa, nami nitakutumia ya wanafunzi wangu.

Wako katika ualimu,
Rafiki yako wa Morogoro