Barua kwa shoga yangu, juu ya Hamlet wa kike

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua imetushika na umeme ukikatika haurudi upesi. Nimebaki na simu na kifurushi cha usiku, basi nikaitazama ile sinema bubu uliyonicheka kwayo. "Shakespeare bila maneno kuna nini tena hapo?" Haya, kaa nikwambie.

Ni Hamlet, ile tamthilia ya Shakespeare ya mwana wa mfalme wa Denmark, iliyotengenezwa sinema Ujerumani, ikatoka mwaka 1921. Hamlet ni Asta Nielsen, mwigizaji wa Denmark, wala usidhani kavaa nguo za kiume ili aigize mwanamume. Humu Hamlet ni msichana hasa. Siku anayozaliwa, habari zinafika kwamba mfalme kafia vitani. Malkia akiona kiti cha enzi kinamponyoka, anatangaza kajifungua mvulana. Kumbe mfalme yu hai! Anarudi, lakini neno limeshatoka, na mtoto analelewa hivyo hivyo kiume. Wazo lenyewe halikutoka hewani: Mmarekani mmoja, Edward Vining, alishaandika kitabu mwaka 1881 akishikilia kwamba Hamlet alikuwa mwanamke.

Unakumbuka Mabepari wa Venisi, Shakespeare ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, uliponilazimisha niwe Portia, mwanamke anayejifanya mwanasheria wa kiume, nikavaa kanzu ya kaka yako? Ikaburura chini mpaka nikajikwaa mbele ya hakimu. Lakini Portia kesi ikiisha anavua joho, anarudi kwa mumewe wanataniana. Huyu Hamlet havui mpaka anakufa.

Hapo ndipo nilipoona umekosea. Mtu mwenye siri kama hiyo maneno ya nini? Nielsen ana macho makubwa, nywele fupi, nguo nyeusi. Anampenda Horatio, rafiki yake wa chuoni Wittenberg, na Horatio roho yake iko kwa Ophelia, binti wa pale ikulu. Basi Hamlet afanyeje? Anamchumbia Ophelia yeye, ili tu Horatio asimpate! Nilicheka peke yangu gizani. Halafu unamwona anamwegemea Horatio kama mshikaji anavyomwegemea mshikaji, uso sasa ndio unaomsaliti, na kicheko kikanikauka.

Mwisho wameuvuruga kidogo. Claudius, ami yake Hamlet aliyemuua mfalme akatwaa kiti, anaunguzwa ndani ya ukumbi pamoja na walevi wenzake, malkia anatia sumu kwenye kikombe kisha anakinywa mwenyewe. Moto wote ule wa nini? Lakini niliwasamehe, kwa sababu ya mkono mmoja. Hamlet kachomwa upanga, Horatio kampakata, anampapasa kifuani. Mkono unasimama. Ndipo anapojua, na mwenzake hayupo tena. Nikarudisha nyuma, nikaitazama tena, na tena.

Muziki uliowekwa ulinikera, nikazima sauti, nikabaki na mvua juu ya bati.

Ukiitafuta, chukua nakala iliyokarabatiwa, ile yenye rangi, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2007. Nyingine nilizoziona zimefifia mno, uso wa Nielsen haushikiki, na bila uso huo hutapata kitu.

Kaka yako msalimie. Kanzu yake bado ninayo, ila usimwambie.

Ni mimi,
mwenzako wa dawati la nyuma