Kwa Omari, kabla hujashusha ubao Malindi

Malindi, Juni

Sahibu yangu Omari,

Assalaam alaykum. Umeniandikia kwamba waja na ubao wako wa tanga mwezi wa saba, na maswali yako yote ni ya upepo. Kusi usiitie shaka. La kuuliza hapa ni maji. Mkondo wa Shela, huko Lamu, ni laini: ukianguka unatulia, unainua tanga kwa nafasi yako. Ghuba ya Malindi iko wazi, haina mwamba wa kuikinga, na wimbi hufika mchangani na nguvu zake zote.

Basi tazama mwezi kwanza. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kama saa nne asubuhi, yakajaa kama saa kumi alasiri. Yakipwa kabisa, mafungu ya mchanga huwa karibu mno na pezi la chini ya ubao hukwama. Yakijaa kabisa, wimbi huvunjikia kwenye mteremko wa ufuo, na hapo ndipo milingoti hukatika. Saa yako ni kati ya saa saba na saa tisa, maji yakipanda na upepo umeshika. Lakini kwa siku ya kwanza ningekuchagulia maji mafu, maana kujaa na kupwa hakupishani sana.

Ubao wako mkubwa uache nyumbani. Kwa kilo zako 75, tafuta wa lita 85 hadi 95, tanga la mita za mraba 4.7 au 5, na pezi la sentimita 21 hadi 23. Mlingoti uwe ule mwembamba, kwa sababu huvumilia kipigo kuliko mnene. Mikanda ya miguu iliyo juu ya ubao ipime hivi: vidole vitokeze tu. Mguu ukizama mpaka kifundoni, ukianguka wewe, wenyewe unabaki umenasa.

Ingilia kaskazini ya gati, mbali na mashua za wavuvi. Upande wa Mnara wa Vasco da Gama kuna mawe. Simama upande wa goshi, utokako upepo, mkono mmoja kwenye mlingoti juu ya bumu, ile boriti ya kushikia tanga, mwingine kwenye mkanda wa mguu wa nyuma, omo, yaani pua ya ubao, ikielekea baharini. Ubao usiwe kamwe kati yako na wimbi, utakuvunja mbavu. Mawimbi makubwa huja kwa makundi. Subiri kundi lipite, maji yakifika mapajani panda na uende.

Ukikutana na povu, toa kwanza ndoano ya mshipi wako wa kiunoni kwenye kamba ya bumu, lielekee moja kwa moja, kunja magoti, uzito uweke mguu wa nyuma ili omo inyanyuke. Tanga usililegeze! Hapa ndipo wengi huharibu: hofu inawafanya waachie upepo, ubao unasimama, wimbi linawarudisha kinyumenyume.

Ukianguka kwenye mavunjiko, usihangaike na bumu. Ogelea mpaka kwenye ncha ya mlingoti, ishike, ielekeze kwenye wimbi, ubao ubaki upande wa nchi kavu, kisha izamishe nawe uzame nayo. Ncha ikichoma mchanga huku wimbi likisukuma ubao, mlingoti huo umekwisha. Kamba ya kuinulia tanga haitakufaa hapa, mawimbi hayakupi muda wa kusimama. Jizoeze huko Shela kuinuliwa na tanga ukiwa majini, mpaka uweze kwa pande zote mbili.

Kurudi ni raha yake. Lishike tuta la wimbi mbali, kabla halijavunjika, usilipite mbio, kisha pinda kwa kukunja goti la mbele huku umelivuta tanga. Geuza kabla maji hayajapungua mpaka magotini, kwani pezi likigusa mchanga utarushwa mbele.

Jambo jingine: Mto Sabaki ukifurika maji huwa mekundu, huoni fungu lililo chini. Soma povu, wimbi linapovunjika mara kwa mara ndipo penye kina kifupi. Na kusi itakusukuma kaskazini, kwa hiyo bisha mapema, yaani panda dhidi ya upepo, kurudi usawa wa pale ulipoingilia, usingoje uchoke.

Mlingoti wa akiba beba, huku ni taabu kuupata. Wasalimie nyumbani wote.

Ndugu yako,
Salim