Ile Katuni Imenirudia Usingizini

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya. Hatujambo, ila mwanangu yuko likizo na sebule yote imegeuka uwanja wa mpira. Nakuandikia wewe kwa sababu nikimweleza mtu mwingine ataniona nimechanganyikiwa: ile katuni ya The Simpsons, tuliyokuwa tukikodi CD zake, imenirudia usingizini.

Unakumbuka ulivyokuwa ukijifunika khanga zikianza zile za kutisha, za kila mwaka? Ile ya 1994, walimu wanawala wanafunzi kwenye kantini ya shule, halafu mwishoni ukungu unapenya dirishani na kuwageuza watu, nyama nje ngozi ndani, nao wanaanza kucheza na kuimba! Nilikucheka sana siku ile. Nimeitazama tena na mtoto, haikunifanya lolote. Zile zinapiga hodi kabla ya kuingia. Ni kama hadithi za popobawa zinazosimuliwa saa sita mchana.

Aliyenikaba koo ni Frank Grimes, mhusika wa ile sehemu ya mwaka 1997. Maskini yule, wazazi walimtupa akiwa na miaka minne, shule hakuiona, diploma yake ya mambo ya nyuklia aliipata kwa posta. Anaishi kwenye chumba chenye ukumbi wa mchezo wa bowling juu yake na mwingine chini yake. Anaajiriwa kwenye kile kinu cha umeme, anamkuta Homer, yule baba wa familia ya Simpson, amelala kazini. Siku moja anamzuia Homer asinywe tindikali kwa uzembe wake, chombo kinapasuka ukutani, na anayekatwa mshahara ni Grimes. Kisha anakaribishwa nyumbani kwa Homer, anakuta jumba, kamba-koche mezani, na picha ya Homer akiwa angani. Akili inamruka. Anaanza kukimbia huku na kule kazini akimwigiza Homer, anashika nyaya za umeme mikono mitupu, anakufa pale pale.

Mazikoni mchungaji anamtaja kwa jina la utani, lile lile alilolichukia, eti ndivyo alivyopenda kuitwa. Homer anasinzia, anaropoka usingizini kwamba mkewe Marge abadilishe chaneli, na waombolezaji wote wanaangua kicheko huku jeneza likishushwa. Imeisha hivyo.

Mwanangu alicheka mpaka akadondoka kwenye kochi. Hata sisi enzi zile tulicheka, tena tukarudisha nyuma tuione mara ya pili. Safari hii nilibaki nimeshika kijiko. Nilimkumbuka mhasibu wetu mmoja wa zamani, mtu wa kufika saa moja kasoro na kufunga ofisi jioni. Tulimpa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Alituomba tuliache, tukalikoleza. Siku ya kumzika, aliyesoma wasifu akalisoma na lenyewe, akijua anamsifia. Tukacheka, shoga. Mimi nilikuwa safu ya pili, nikajificha nyuma ya mtandio. Mkewe alitugeukia mara moja tu.

Kwa hiyo sikuoni tena mjinga na khanga yako.

Ya pili ni ile ya Bart, mtoto wa Homer, kuuza roho yake, ya 1995. Hiyo naona ndiyo nzuri kuliko zote walizowahi kutengeneza, bisha ukitaka. Anaiandika kwenye karatasi, anamuuzia rafiki yake Milhouse kwa dola 5, akijiona mjanja kwa sababu roho haipo. Kisha milango ya dukani inayojifungua yenyewe haimfungukii. Anapuliza pumzi kwenye kioo cha friji, hakuna ukungu unaojitokeza. Katuni yake ya paka na panya haimchekeshi tena. Hakuna zimwi, hakuna damu. Ni kioo kikavu tu. Bahati yake dada yake Lisa ameinunua ile karatasi kwa akiba yake, na Bart anaitafuna na kuimeza.

Sasa sikia vituko. Jana nilimtuma mtoto kwa Mangi kununua mkate, akapotelea huko. Nikamfuata, nikamkuta amebandika pua kwenye friji la soda, anahema. Shida ni kwamba kwa joto hili la Dar kioo kile kinatoka jasho chenyewe kutwa nzima, huwezi kujua ukungu upi ni wako.

"Dogo, unanunua au unalamba?" Mangi akamuuliza.

"Mama, sielewi kama ipo!"

Nikalipia mkate, nikamwambia atangulie. Alipovuka kizingiti, na Mangi ameinama kutafuta chenji, nami nikasogea kwenye kioo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hasa mama.

Mwenzio wa dawati la nyuma