Ukiomba "dawa kali ya UTI", haya ndiyo tutakayokuuliza kwanza

Wateja wengi wanaoingia dukani kwetu hapa Tandika huomba antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, kwa kauli moja: "Dokta, nipatie dawa kali." Amoksi (amoksilini) imeshindwa, anataka sipro (siprofloksasini). Sipro nayo imeshindwa, anataka sindano. Wapo wanaokuja na boksi tupu la dawa aliyotumia jirani, na wapo wanaotaka vidonge vya elfu moja tu kwa sababu hela ya dozi nzima haijatimia. Tunawaelewa. Foleni ya hospitali ni ndefu, nauli ya daladala ni hela, na mtu anayeungua kila akikojoa anataka nafuu leo hii. Lakini hatuuzi antibayotiki kwa mtindo huo, na tunaona ni haki yako kujua sababu.

Antibayotiki hazipangwi kwa ukali. Kila moja ina bakteria inaowaweza na isiowaweza, ina sehemu za mwili inazofika vizuri na nyingine inazofika kidogo mno. Chukua nitrofurantoini. Ukiimeza, figo huichuja na kuikusanya kwenye mkojo, kwa hiyo bakteria walio kwenye kibofu inawakuta kwa wingi na kuwaua. Kwenye damu na kwenye nyama ya figo zenyewe kiasi chake ni kidogo, hakitoshi kutibu. Mwanamke mwenye UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, iliyo kwenye kibofu atapona nayo vizuri. Mwanamke huyohuyo, maambukizi yakipanda hadi kwenye figo, akaanza homa, kutetemeka, kutapika na kuumwa ubavuni kwa nyuma, dawa ile haimfai tena na anatakiwa hospitali siku hiyohiyo.

Mfano mwingine ni koo. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming jijini London mwaka 1928, ikaanza kutibu wagonjwa miaka ya 1940. Bakteria mkuu anayeleta mafindofindo, streptokoka wa kundi A, hadi leo hajaweza kujenga usugu dhidi yake. Azithromisini, ambayo wateja wengi huiona ndiyo dawa kubwa kwa sababu inamezwa siku chache, imeshazoewa na bakteria huyo katika nchi nyingi. Kwa hiyo mtu akiandikiwa penisilini ya vidonge au amoksilini kwa ajili ya koo, asidhani daktari amembania. Amepewa dawa inayomlenga bakteria mhusika. Na ikiwa daktari ameandika siku 10, ni siku 10 kweli: kwa mtoto, koo la streptokoka lisipotibiwa sawasawa linaweza kuleta homa ya baridi yabisi, inayoharibu vali za moyo kwa maisha yake yote. Hata hivyo koo nyingi husababishwa na virusi. Ukiwa na mafua, kikohozi na sauti imekauka, karibu kila mara ni virusi, na hapo hakuna antibayotiki ya kukusaidia.

Hiyo "UTI sugu"

Hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tulieleze kwa kirefu.

UTI nyingi huletwa na E. koli, bakteria anayeishi kwenye utumbo wa kila mtu na anayefika kwenye njia ya mkojo kwa urahisi zaidi kwa wanawake, kwa kuwa njia yao ni fupi na iko karibu na haja kubwa. E. koli wengi sasa wanatengeneza kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijawafanya lolote. Kwa hiyo mtu anaposema amoksi imeshindwa, mara nyingi ugonjwa wake haujawa mkubwa wala sugu. Dawa haikuwa yake tangu mwanzo.

Lakini kabla ya dawa lipo swali ambalo wengi huliruka: ni UTI kweli? Kuungua wakati wa kukojoa, kwenda msalani kila mara na mkojo kutoka kidogo, maumivu chini ya kitovu, hizo ni dalili zake. Dada akituambia ana muwasho na uchafu unaotoka ukeni, tunafikiria fangasi au maambukizi mengine ya uke, na antibayotiki zinaweza kabisa kumwongezea fangasi. Kaka akituambia anatokwa usaha, tunafikiria kisonono na magonjwa mengine ya zinaa, ambayo yana matibabu yake na yanamhusu pia mwenza wake. Mwanaume mwenye UTI hatumpi dawa ya kaunta hata kidogo. Anahitaji daktari, kwa sababu tezi dume inaweza kuhusika. Na ukikojoa damu, kumbuka kwamba ukanda wetu wa Pwani una kichocho cha mkojo. Yule ni minyoo, dawa yake ni prazikwanteli, na unaweza kumeza antibayotiki za kila jina usione mabadiliko.

Halafu kuna karatasi ya maabara yenye maneno "mkojo mchafu". Watu wamemeza dawa nyingi sana kwa sababu ya maneno hayo. Kuonekana bakteria au seli za usaha kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili yoyote, kwa kawaida hakuhitaji dawa. Mjamzito ni tofauti: yeye hutibiwa hata bila dalili, kwa sababu maambukizi yanaweza kupanda kwenye figo na kumhatarisha yeye na mtoto. Mara nyingine uchafu huo umetoka kwenye ngozi, si kwenye kibofu. Unapotoa mkojo wa kupima, jisafishe kwanza, acha ule wa mwanzo uende, kinga wa katikati kwenye chupa safi ya maabara, na uufikishe mapema. Chupa iliyokaa kwenye mkoba kuanzia asubuhi hadi mchana, kwa joto hili la Dar, inaotesha bakteria yenyewe.

Kama UTI inakurudia, tunakusihi ufanye kipimo cha kuotesha mkojo. Maabara huwakuza bakteria wako, kisha huwajaribu kwa dawa mbalimbali kuona ipi inawaua. Majibu huchukua siku 2 hadi 3. Cha muhimu ni kwamba mkojo utolewe kabla hujaanza antibayotiki. Ukishameza vidonge viwili vitatu, bakteria wanaweza wasiote na ukapoteza hela yako bure. Karatasi ya majibu ina orodha ya dawa na herufi pembeni: S maana yake bakteria wako wanakufa kwa dawa hiyo, R maana yake wameshaizoea. Wagonjwa wengi huangalia dawa ipi ina S na kuchukua ile waliyowahi kuisikia. Usifanye hivyo peke yako, kwa sababu kati ya zenye S bado tunatazama ipi inafika mahali penye ugonjwa na ipi ni salama kwako.

Kwa nini hatuanzi na kubwa

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizigawa antibayotiki katika makundi matatu. La kwanza ni la dawa za kuanzia, wamo amoksilini, doksisaiklini, metronidazo na nitrofurantoini. La pili ni za kutumiwa kwa uangalifu, kwa kuwa usugu dhidi yake hujengeka haraka: sipro, azithromisini na seftriaksoni zimo humo. La tatu ni la akiba, kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimekataa. Tazama kundi la pili tena. Ndizo hasa zinazoombwa madirishani kama "dawa kali".

Dawa inayoua bakteria wa aina nyingi huzoa na wale wema wa utumbo na uke, kama kokoro linavyozoa hadi samaki wachanga. Wanaobaki hai ni wale walioizoea, na hao huzaliana na kuhama kutoka mtu hadi mtu. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu. Sipro ina madhara yake pia, ikiwemo kuumiza kano, hasa ile ya kisigino, ndiyo maana UTI ndogo ya kibofu haistahili kuanzwa nayo.

Kuhusu vidonge vinavyochanganya ampisilini na kloksasilini, ambavyo karibu kila nyumba imewahi kuwa navyo: Shirika la Afya Duniani limeuweka mchanganyiko huo kwenye orodha ya isiyopendekezwa. Kloksasilini peke yake ni dawa nzuri ya majipu na vidonda vya ngozi vilivyoambukizwa. Kuichanganya hakumfanyi mgonjwa wa UTI, wa jino au wa koo apone upesi zaidi.

Sindano hazina ubora wa ziada kwa mtu anayeweza kumeza na ambaye hajazidiwa. Kuharisha kwa mtoto, mara nyingi ni ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14; antibayotiki inafikiriwa kukiwa na damu kwenye choo, na huyo apelekwe kituoni. Mtoto mwenye kikohozi mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Mpeleke hospitali, usije kwetu kwanza.

Ukija dukani

Antibayotiki ni dawa za cheti, kwa hiyo njoo na cheti. Kama huna, mfamasia wetu atakusikiliza faragha, pembeni ya kaunta, na kukuelekeza zahanati au maabara inayokufaa. Mazungumzo hayo hatuyatozi. Tuambie kama una ujauzito au unanyonyesha, kama penisilini imewahi kukutoa vipele au kukuvimbisha uso, kama una shida ya figo, na dawa zote unazotumia, za asili pia. Doksisaiklini na sipro hazimfai mjamzito, na zote mbili hushindwa kunyonywa vizuri zikimezwa pamoja na vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia.

Nusu dozi hatuuzi. Hela ikiwa haitoshi tuambie waziwazi, kwa sababu dawa iliyo sahihi mara nyingi ni ya bei ndogo kuliko uliyokuja kuiomba, na tunaweza kumpigia aliyekuandikia tukashauriana naye. Kila pakiti tunaandika kwa Kiswahili saa za kumeza, kabla au baada ya chakula, na siku ya mwisho. Ukiwa umeshaanza dawa na siku 2 hadi 3 zimepita bila nafuu, usiongeze nyingine juu yake. Rudi na pakiti ileile pamoja na majibu yote ya maabara uliyonayo, hata ya zamani.