Kitumbua haruhusiwi kukimbia

Houston, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Salamu za Muheza zimenifika. Nimecheka peke yangu jikoni uliposema nimeshakuwa Mzungu, nampeleka mbwa hospitali. Cheka tu, lakini Kitumbua anaumwa kweli.

Alianza na kikohozi kikavu, hasa akitoka kukimbia, nikadhani ni vumbi. Daktari wa mifugo akamtoa matone machache ya damu, na baada ya dakika kama 10 akarudi na jibu: minyoo ya moyo. Nikauliza amekula nini. Kumbe hakula kitu, ni mbu. Mbu akimuuma mbwa mgonjwa hufyonza damu pamoja na vijitoto vya minyoo, vinakulia mwilini mwake kama wiki 2, halafu anavipeleka kwa mbwa mwingine. Miezi 6 au 7 baadaye ni minyoo mikubwa kwenye mishipa ya mapafu na moyoni, myembamba kama tambi, na jike hukaribia urefu wa rula ya shule. Huishi hata miaka 5 hadi 7 humo ndani! Na Houston hii, kwa joto na maji yaliyotuama, mbu hawana msimu wa kupumzika.

Nilipoonyeshwa picha nilimkumbuka babu yako na mguu wake. Mnyoo wa matende na huu ni wa ukoo mmoja, na wote usafiri wao ni mbu. Hata kinga ya mbwa ni ivamektini, ileile ya kingatiba tuliyomezeshwa mtaani. Unakumbuka ile fimbo ya kupimia urefu, ulivyosimama kwa ncha za vidole ili uongezewe kidonge? Mbwa hupewa kidogo tu, mara moja kwa mwezi. Aliyemfuga Kitumbua kabla yangu hakujisumbua.

Sasa tunalipa. Kwanza vidonge vya antibayotiki mwezi mzima, kisha sindano 3 za dawa yenye aseniki, kwenye nyama ya mgongo. Ya kwanza kachomwa Alhamisi, zilizobaki mbili ni mwezi ujao, siku mbili mfululizo. Ila sindano hainitishi. Kinachonitisha ni kwamba mnyoo ukifa hukatika vipande, na damu huvisukuma hadi vikazibe mapafu. Akikimbia wakati huo anaweza kuanguka papo hapo. Basi ni miezi hakuna mbio, hakuna ngazi; hata kujisaidia tunatoka kwa kamba fupi. Jana kaona kindi uani, nikamlalia juu kama mwizi kakamatwa. Majirani wametazama.

Na yule mbwa wenu wa getini, anakohoa? Mwonyesheni bwana mifugo. Tafadhali asichomwe ile ivamektini ya ng'ombe ya mjomba wako kwa kukisia. Kipimo cha ng'ombe kinaweza kumuua mbwa.

Niishie hapa, amesimama mlangoni na kamba yake mdomoni.

Wako,
Mwanaidi