Barua kwa mwanangu anayeanza kupokea wateja wa ushauri nasaha

Mwanangu,

Barua yako imefika, na swali lako nimelisoma: mteja akisema "moyo wangu umejaa", uandike nini kwenye faili? Andika hivyohivyo, moyo umejaa. Neno "sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito, lina nafasi yake, ila ukiliweka mapema masikio yako yatatafuta ya kulithibitisha tu, mengine yakupite.

Halafu muulize: umejaa nini? Ulianza kujaa lini? Siku ukipungua, huwa kumetokea nini? "Kwa nini" iache kwanza. Kwa mtu aliyechoka inasikika kama mashtaka. Mrudishie aliyosema kwa maneno yakeyake, umuulize kama umempata. Akikusahihisha, shukuru. Kwa mmoja kujaa ni msiba ambao hakuulilia, kwa mwingine ni hasira anayoimeza mbele ya wakwe.

Chukua mjane asiyelala, ambaye mumewe alizidiwa usiku yeye akiwa usingizini. Ukimfundisha apunguze chai ya jioni na alale saa ileile kila siku, ataitikia "sawa", na wiki ijayo atarudi vilevile. Si mkaidi. Kwake kukesha ni lindo, na kulala ni kumwacha mgonjwa peke yake mara ya pili. Anzia kwenye lindo hilo: sasa anamlinda nani? Nani angeweza kumpokea zamu? Habari ya chai itakuja baadaye.

Akitaja majini au kijicho, usicheke, wala usijifanye unaafiki. Uliza nani alimwambia hivyo, kwake maana yake nini, na nyumbani wameshafanya nini. Kule Harare, mabibi wa Friendship Bench, mradi wa ushauri wa afya ya akili ulioanza 2006, huzungumza na watu kwa neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Hata DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa 2013, umeliorodhesha, tena una maswali 16 ya kumdodosa mteja anavyolielewa tatizo lake. Yapitie, ila usiyasome mbele yake kama karani wa sensa.

Mambo mawili hayangoji maana. Moyo unaodunda hovyo ukapimwe hospitali. Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta dalili hizohizo. Na akigusia kuchoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwa njia gani, lini. Akikubali, asiondoke peke yake, na msimamizi wako ajue kabla hajafika mlangoni.

Wadogo zako wanakusalimu.

Mama yako