Nani Kaoa, Nani Kaolewa: Barua kwa Shoga Yangu

Kwako shoga yangu,

Salamu nyingi, na wasalimie wote hapo nyumbani. Umeniandikia kwamba muhula huu unafundisha riwaya kidato cha sita, na kwamba kila ukiwapa swali la "nafasi ya mwanamke" wanakurudishia orodha ileile: mwanamke kama chombo cha starehe, kama mlezi wa familia, kama jasiri, kama kiumbe duni. Orodha hiyo inatoka kwenye vitabu vya mwongozo. Ubaya wake ni kwamba mwanafunzi anaweza kuiandika yote bila kufungua riwaya.

Mimi ningewaanzishia kwenye vitenzi.

Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Ukisoma "alikuja akaketi", hujui aliyeketi ni nani. Basi mwandishi akitaka tumjue mwanamke, sharti amlete kwa njia nyingine: kwa jina lake, kwa "binti", "kimwana", "mke wa fulani", kwa ushungi, na mara nyingi mno kwa umbo la mwili. Hapo ndipo usawiri, yaani uchoraji wa mhusika, unapofanyika, na mwanafunzi anaweza kuuwekea kidole.

Kisha watazame ndoa. Mwanamume anaposa, anaoa, anaacha, anarejea. Mwanamke anaposwa, anaozwa, anaolewa, anaachwa, anarejewa. Ile -w- ya kutendwa inamfuata tangu uchumba hadi eda. Mwandishi akiandika "walioana" ameamua jambo. Akiandika "aliozwa" ameamua jingine, maana ndani ya "aliozwa" yumo mtu wa tatu ambaye hakutajwa: baba, mjomba, kaka. Waulize wanafunzi: huyo aliyeoza ni nani, na kwa nini sentensi imemficha?

Utaratibu ni huu. Usiwape riwaya nzima. Chagua sura tatu: anapoingia mhusika, anapoamua jambo, na ya mwisho. Katika kila sura wachukue sentensi 30 hivi zinazomhusu. Daftari wapige safu nne: kitenzi (anatenda au anatendwa?), jina aliloitwa, jicho linalomtazama ni la nani, na fedha yake inatoka wapi. Safu ya nne wataona haina maana, lakini usiwaachie waifute. Mwanamke akitoka kwao usiku na kitabu kisituambie kesho yake alikula nini, hapo pana pengo, na pengo hilo ni hoja.

Jaribu na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Mwongozo utawaambia Kazija ni chombo cha starehe, yakaisha. Sasa mpitishe Kazija kwenye safu ya kwanza. Yeye ndiye anayepanga, anayewaita, anayewakutanisha baba na mwana, Maksuudi na Mussa, mpaka heshima ya Bwana Maksuudi inamwagika sakafuni. Mwanamke anayeonekana kutumiwa ndiye anayetumia. Bi Tamima, mkewe Maksuudi, ambaye orodha ingemsifu kuwa mke mwema, anafungiwa, anapigwa na kuachwa, tena wakati wa uchungu wa uzazi, kwa kosa la kuletewa mkunga ambaye mume hamtaki. Wakishaona hilo, hawataandika tena kwamba Kazija ni "mbaya" na Tamima ni "mzuri". Wataanza kuuliza nyumba ile imejengwaje hata wema ukawa ndio mlango wa kuumizwa.

Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, itakupa kazi zaidi. Uliwahi kuniambia baadhi yao wanaihukumu kwa sentensi moja, "Rosa alikosa maadili", na kitabu chenyewe kiliwahi kuzuiwa shuleni kwa hoja zinazofanana na hiyo. Warudishe mwanzoni, kwa Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kipigo kile hakimfundishi Rosa namna ya kuishi na wanaume, kinamfundisha kuwaogopa tu, na woga ukimtoka hana kingine cha kushika. Mwishoni mchumba wake, Charles, anamkataa kwa kuwa si bikira. Waambie watafute ni nani aliyemuuliza Charles habari za ubikira wake yeye.

Kosa kubwa watakalofanya ni kuchanganya sauti. Mhusika akisema "mwanamke ni pambo la nyumba", wataandika "mwandishi anamdharau mwanamke". Wakumbushe kuna sauti tatu: ya mhusika, ya msimulizi, na ya mwandishi aliyezipanga zote mbili. Dharau ya kweli mara nyingi haimo kwenye mazungumzo. Imo kwenye maelezo ya msimulizi, pale mwanamume anapotambulishwa kwa kazi yake na mwanamke kwa nyonga zake, katika aya moja.

Kosa jingine ni kudhani hayo ni ya zamani. Katika Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza akiwa na miaka 15, Unguja ya enzi za ukoloni. Darasa litasema "siku hizo". Lakini riwaya ilipochapishwa 1999, Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara ilikuwa bado inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo 2019. Nenda na tarehe hizo darasani. Tena katika riwaya hiyo watazame Mwajuma, maskini anayempokea Yasmin chumbani kwake. Wahakiki wanamruka kwenda kwa Denge, mpenzi wa Yasmin, na siasa zake za kupinga ukoloni, ilhali safu ya fedha itakuonyesha bila chumba kile Yasmin asingekuwa na pa kulala, sembuse pa kupendea.

Utaona pia kwamba riwaya zote tatu nilizokutajia zimeandikwa na wanaume. Halizipunguzii kitu, ila usiache ziwe peke yake. Weka kando yake Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha wafanye zoezi la safu ya tatu tu, ya jicho, kwa sentensi 30 kila upande. Usiwaambie watakuta nini.

Anza na Kazija. Kipindi kimoja cha dakika 80 kinatosha kwa sura moja, usijaribu mbili. Na ukiniandikia tena, nitumie daftari moja au mawili niyaone, hasa ya wale wavulana wa nyuma wanaobisha.

Ni mimi shoga yako wa siku zote.